Kiganja kimoja cha mwani, konokono 187. Jiwe tupu pembeni, watatu. Nani anaeleza?

#1 MzeeBamvua
Wakuu, salamu. Bamvua iliyopita maji yalikupwa hadi mwisho, nikashuka na kisu na beseni. Nikakata ule mwani mfupi mwekundu-kahawia, unaofunika mwamba kama zulia kuukuu. Kipande hakizidi kiganja changu. Nikausuuza kwenye maji ya bahari, nikayapitisha kwenye kitambaa, nikakaa kuhesabu mpaka shingo ikakakamaa: konokono 187, wengi wadogo kuliko punje ya mchele. Kombe wadogo 31, wekundu-wekundu, wana magamba mawili yaliyofungana kabisa. Kaitoni mmoja, yule mwenye vibamba vinane mgongoni.

Hatua mbili pembeni kuna jiwe tupu. Nikapima kiganja kile kile: watatu, wa umbo la kofia. Basi. Nikakata na mwani wa majani mapana laini: sita.

Bahari moja, jua moja, wimbi moja. Kwa nini huku wamejazana na kule hakuna mtu? Dai langu: wamefuata chakula. Wanakula mwani. Nipingeni.

#2 NgojaWajuzi
Naweka kambi hapa.

#3 Koleo
187 umewahesabu kweli au umekisia? Mimi ningefika 40 nikaandika "wengi sana".

#4 MzeeBamvua
Nimewahesabu kwa kijiti cha meno, kumi kumi. Mama watoto ni shahidi, maana beseni ni lake na hajanisamehe.

#5 Lenzi_Kumi
Mzee, heshima yako, lakini kumkuta mtu jikoni si ushahidi kwamba anakula jiko.

Konokono wa ukubwa huo wengi wao hawatafuni mwani. Ulimi wao (radula) una safu za vijino na kazi yake ni kukwangua. Kinachokwanguliwa ni ule utando juu ya mwani: daiatomu (mwani wa seli moja, hauonekani kwa macho), bakteria, vinyuzi vya mwani mchanga vilivyootea juu ya mwenzao. Chukua kipande chako ukiweke chini ya lenzi. Utakuta mwani mzima, ila juu pana vinjia vimefyekwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Ulaya. Kuna konokono wawili, Littorina obtusata na Littorina fabalis, mtu na mdogo wake. Rangi zile zile, manjano, kijani, kahawia, umbo lile lile bapa, na wote wanaishi kwenye mwani mkubwa wa kahawia. Miaka mingi walihesabiwa kuwa mmoja. Obtusata anakula mwani wenyewe, fabalis anakwangua kilichoota juu yake. Kwa hiyo kusema "wanaishi kwenye mwani" hakukwambii wanakula nini.

#6 Jino_la_Chuma
Mkuu Lenzi usiwadharau meno yao. Jino la yule mwenye kofia lina madini ya chuma yanayoitwa goethaiti. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walilivuta mpaka likakatika, wakapata nguvu kati ya gigapaskali 3 na 6.5. Linaizidi hariri ya buibui. Na kaitoni wa mzee naye meno yake yana magnetaiti, yananasa kwenye sumaku. Hilo lilionyeshwa na Heinz Lowenstam mwaka 1962.

#7 Lenzi_Kumi
Sawa kabisa, ila hao ni wakwanguaji wa jiwe. Meno ya chuma ni ya nini kama unalamba utando kwenye jani laini? Waliojaa kwenye beseni la mzee ni wa aina nyingine kabisa. Umenisaidia bila kukusudia.

#8 BintiMwamba
Kabla hamjamalizana na meno, naomba niulize: kuna aliyewahi kuingiza kidole kwenye huo mwani saa saba mchana, maji yamekupwa?

Mimi nimeingiza kipimajoto. Jiwe tupu juani lilifika nyuzi 43. Katikati ya zulia la mwani, sentimita mbili chini, nyuzi 31 na kumelowa. Konokono wa milimita mbili ana maji kiasi gani mwilini? Tone. Kwenye jiwe lile anakauka kabla hujamaliza kufungua kiatu. Kofia anaweza kukaa pale kwa sababu anajifunga chini, maji hayatoki. Hawa wengine hawana kifuniko cha kutosha.

Chakula kitakuja baadaye. Kwanza usife.

#9 Koleo
Dada, hapo umegonga. Ila mimi ni mtu wa hesabu na naona wote mnadanganywa na kiganja.

Kiganja cha jiwe ni kiganja. Kiganja cha mwani si kiganja. Ule ni msitu wa vijiti, na kila kijiti kina pande zote. Ukiufungua wote ukautandaza unaweza kufunika meza. Sasa gawa 187 kwa meza, halafu gawa 3 kwa kiganja. Huenda wamebanana sawa tu, au mwani ndio wenye nafasi zaidi.

#10 MzeeBamvua
Koleo umenivuruga usingizi. Nipime vipi eneo la manyuzi?

#11 Koleo
Watu hupima uzito. Kausha mwani, pima gramu, andika konokono kwa gramu. Haisemi eneo, lakini angalau unalinganisha mwani na mwani. Ule wako wa majani mapana ulikuwa mzito kuliko ule mfupi, au siyo? Na ulikuwa na sita tu. Kwa hiyo tofauti yenu ya mwani na mwani inabaki, ila ya mwani na jiwe mimi siikubali.

#12 PwaniTele
Wakuu mnasahau jongoo bahari. Nao ni moluska na wamejaa chini ya mwani.

#13 Lenzi_Kumi
Jongoo bahari si moluska. Huyo ni ndugu yake kiti cha pweza. Pweza mwenyewe ndiye moluska, pamoja na ngisi, konokono, kombe na kaitoni.

#14 PwaniTele
Kwa hiyo pweza ni ndugu wa konokono lakini kiti chake si ndugu yake. Haya, asante, nimeelimika kwa aibu.

#15 Mtaratibu
Nitasema kitu kitakachowaudhi. Swali lote limewekwa kichwa chini.

Mleta mada anauliza kwa nini konokono wako kwenye mwani. Mimi nauliza kwa nini mwani hauko kwenye jiwe tupu. Jiwe ni lile lile, jua lile lile, mbegu zake zinaelea kila mahali. Jibu ni wale watatu wenye kofia. Wakati wa maji wanatoka, wanakwangua eneo lao, wanarudi palepale kwenye alama zao. Mwani ukichipua, kabla hujaonekana kwa macho, umeshaliwa.

Hili lilijaribiwa kisiwa cha Man miaka ya 1940. Walibandua kofia wote kwenye ukanda wa mwamba, wakaacha. Ukanda ukawa kijani, halafu ukaota mwani mkubwa wa kahawia. Pembeni, ambako hawakugusa, jiwe likabaki jiwe.

Kwa hiyo kiganja chako cha jiwe hakikukataliwa na konokono. Kimefyekwa na konokono. Wale watatu ndio wamewafukuza wale 187.

#16 DereviWaChelezo
Mtaratibu ana hoja. Ile ajali ya meli ya mafuta Torrey Canyon mwaka 1978 ilionyesha kitu hicho hicho, tena kwa maili nyingi za pwani.

#17 Mtaratibu
Asante, ila mwaka umeteleza. Torrey Canyon ni Machi 1967, karibu na Cornwall, Uingereza. Ya 1978 ni Amoco Cadiz, upande wa Ufaransa.

Na kwa kuwa umeitaja, acha niisimulie vizuri. Mafuta ghafi zaidi ya tani 100,000. Lakini kilichomaliza wanyama wa miambani kwa wingi hakikuwa mafuta, ni sabuni za kuyeyushia mafuta, za zamani zile, kali. Kofia wakafa karibu wote sehemu zilizomwagiwa. Miezi michache miamba ikawa kijani kama imepakwa rangi, halafu ukaja mwani wa Fucus, mzito, jiwe halionekani.

Sasa sikilizeni mchezo wenyewe. Chini ya Fucus kuna unyevu na kivuli, kama alivyosema BintiMwamba. Kofia wachanga wakaingia humo kwa wingi usio wa kawaida. Wakakua. Wakala. Mwani mzee ulipokufa, mwani mchanga haukupata nafasi ya kuota. Ghafla jiwe likawa tupu kuliko kabla ya ajali, kofia wamezidi chakula, wakaanza kuhama kwa makundi, wengine wakafa njaa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi pwani kurudi kuonekana kama zamani.

Mwani ulilea waliokuja kuumaliza.

#18 NgojaWajuzi
Kambi imeshakuwa nyumba ya kudumu.

#19 BintiMwamba
Mtaratibu, nakukubalia nusu. Kofia anaeleza kwa nini jiwe ni tupu. Haelezi kwa nini mwani mmoja una 187 na mwingine sita. Wote wawili umemshinda kofia.

#20 Mtaratibu
Hapo sina jibu. Ila ongeza mchanga: zulia la mwani mfupi linanasa mchanga, na kofia hashiki penye mchanga. Kwa hiyo likishaota linajilinda lenyewe.

#21 Chumvi_Nyingi
Mimi nitajibu la majani mapana. Mwani mwingine unajibandua ngozi. Ascophyllum wa kaskazini ya Atlantiki unamenya tabaka la juu, na chochote kilichoota juu yake kinaondoka nalo. Hakuna utando, hakuna mkwanguaji. Kama wa mzee una tabia hiyo, sita ni wengi.

Halafu kuna sumu. Mwani huo huo ukiliwa na Littorina obtusata unaongeza florotanini, ile kitu chungu inayokausha mdomo kama ndizi mbichi. Pavia na Toth walilionyesha hilo mwaka 2000. Ajabu ni kwamba walipoukata kwa chombo kuigiza jeraha, haukujibu vile. Unamjua anayekuuma.

#22 Koleo
"Unamjua anayekuuma." Chumvi umeanza mashairi.

#23 Chumvi_Nyingi
Ni sayansi bwana, mimi nimeiandika tu kwa raha.

#24 Mfugaji_wa_Vidimbwi
Wote mnasema mwani ni makazi salama. Nani kawaambia?

Jane Lubchenco alichapisha mwaka 1978 kazi yake ya vidimbwi vya mawe huko New England, Marekani. Kidimbwi chenye konokono wengi wa Littorina littorea kilikuwa na mwani mgumu usiolika vizuri. Kisicho nao kilijaa mwani laini wa kijani, chakula wanachokipenda kuliko vyote. Sasa kwa nini hawakuwa kwenye chakula wanachokipenda? Kwa sababu ndani ya huo mwani laini kulikuwa na kaa, na kaa walikuwa wanawala konokono wachanga.

Kwa hiyo mwani unaficha kaa, kaa anakula konokono, konokono hawapo, mwani unaendelea kuota. Mzee akienda kwenye kidimbwi kama hicho na beseni lake atapata sifuri, na uzi huu ungeanza kinyume.

#25 MzeeBamvua
Kaa nilimkuta mmoja, mdogo kama ukucha. Nilimtoa kwa sababu si moluska. Kumbe nilimtoa mshitakiwa.

#26 BintiMwamba
Kuna tofauti ya nafasi. Zulia fupi lililobanana, kaa mkubwa hapiti. Samaki wa vidimbwini naye pua haiingii. Mwani wa kijani uliolegea, kaa anaketi humo kama sebuleni. Kwa hiyo si "mwani", ni upana wa upenyo.

#27 Mfugaji_wa_Vidimbwi
Hiyo naikubali. Lakini kaa wa ukubwa wa ukucha anapita popote konokono anapopita.

#28 PwaniTele
Narudi kwa tahadhari. Nilishawahi kukuta kwenye mwani mnyama laini, mkubwa kama ngumi, nikamgusa akatoa wino wa zambarau. Huyo naye ndugu wa konokono au nitukane tena?

#29 Lenzi_Kumi
Safari hii umepata. Huyo ni Aplysia, konokono ambaye gamba limebaki kijibamba kidogo ndani. Wino wake ule wa zambarau unatokana na rangi ya mwani mwekundu anaokula. Akilishwa mwani wa kijani tu, zambarau inakosekana. Eric Kandel alitumia seli zake za neva kuchunguza kumbukumbu, akashiriki Nobel ya mwaka 2000.

Na mzee achukue hapa pointi moja: huyu ANAKULA mwani, hana ubishi. Vilevile Elysia viridis, koa mdogo wa kijani. Anafyonza utomvu wa mwani wa Codium, na kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa jua, anazihifadhi mwilini zikiwa hai kwa wiki kadhaa.

#30 MzeeBamvua
Pointi moja naipokea kwa mikono miwili, nilikuwa nafungwa tano.

#31 Dodoki
Nimesoma kurasa zote kimya. Nina jaribio.

Nilichukua madodoki ya plastiki, yale ya kusugulia sufuria, nikayafunga kwenye mwamba kwa skrubu, manane. Plastiki haina chakula, haina florotanini, haikuota yenyewe. Wiki sita baadaye mawili yalikuwa yamechukuliwa na mawimbi. Sita yaliyobaki yalikuwa na konokono wadogo, wengi, na kombe wachanga wameshika nyuzi kwa nyuzi zao. Hawakufikia idadi ya mwani wa jirani, lakini walikuwapo.

Kwa hiyo umbo peke yake linatosha kuwaita.

#32 Lenzi_Kumi
Wiki sita? Dodoki lilikuwa linateleza ulipolishika?

#33 Dodoki
Lilikuwa linateleza.

#34 Lenzi_Kumi
Basi lilikuwa na utando. Umewapa chakula bila kujua. Hujatenganisha umbo na chakula, umewaletea nyumba na mboga pamoja.

#35 Dodoki
Nilijua utasema hivyo. Nitayabadilisha kila siku tatu kabla utando haujashika.

#36 Koleo
Ukiyabadilisha kila siku tatu nani atapata muda wa kuhamia? Utapima wenye haraka tu.

#37 DereviWaChelezo
Mimi naona mnaruka hatua ya kwanza kabisa: wamefikaje? Kombe wachanga wa Dodoki hawakutembea. Mwaka 1964 Bayne alieleza kwamba kome wachanga, wakiwa bado lava (buu anayeelea majini), wanatua kwanza kwenye mwani wa nyuzinyuzi, wanakua kidogo, halafu wanajiachia na kuhamia kwa wakubwa wao. Kome mchanga ana uzi mrefu mwembamba unaomfanya aelee kwenye maji kama buibui anavyopeperuka.

Kwa hiyo waliomo kwenye beseni huenda hawajachagua kuishi humo. Wapo kituoni.

#38 Mfugaji_wa_Vidimbwi
Hiyo ya 1964 si sheria. Wengine baadaye walikuta kome wachanga wameangukia moja kwa moja kati ya wakubwa, bila kupitia mwani. Inategemea pwani. Ila neno "kituoni" nalichukua.

#39 MzeeBamvua
Wakuu, jana usiku maji yalikupwa tena nikarudi na tochi. Mwani ule ule, kiganja kile kile, pembeni ya pale nilipokata mwanzo. Saa tano usiku, jiwe bado limelowa.

Konokono: 96.

Na jiwe tupu pembeni, ambalo mchana lilikuwa na watatu: 41. Wadogo, wametoka, wanatambaa, kila mmoja ana kijinjia kinachong'aa nyuma yake kwenye mwanga wa tochi. Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakagoma.

#40 BintiMwamba
Jamani! Mchana wanajificha jua, usiku wanatoka kula. Nifunge uzi?

#41 Mtaratibu
Usifunge. Usiku samaki na ndege wanaowinda kwa macho nao hawaoni. Wanajificha jua au wanajificha macho? Usiku mmoja hautenganishi.

#42 Lenzi_Kumi
Na wametoka kwenda wapi? Kwenye jiwe, kukwangua utando. Chakula kiko nje, nyumba iko ndani. Dai la #1 limekufa.

#43 Chumvi_Nyingi
Halijafa. Waliobaki ndani 96 wanakula nini?

#44 Koleo
Na kile kiganja cha pili si kile cha kwanza. Mzee alikata pembeni. Vipande viwili vya mwani mmoja vinaweza kutofautiana mara mbili hata vikikatwa saa moja. Tunahitaji vitano mchana na vitano usiku, siyo kimoja kimoja.

#45 MzeeBamvua
Vitano? Nitaubakisha mwamba upara. Waliokuwa kwenye vile viwili niliwarudisha wote baharini, na mwani wenyewe haukai ukishakatwa.

#46 Koleo
Kata vidogo. Robo kiganja. Na acha mizizi.

#47 Lenzi_Kumi
Mzee, wale kombe 31 wekundu, ulimfungua hata mmoja?

#48 MzeeBamvua
Mmoja, kwa sindano. Ndani alikuwa na vitoto vyenye magamba tayari, vitano au sita. Nilidhani ni mchanga.

#49 Lenzi_Kumi
Basi anafanana sana na Lasaea. Wa milimita mbili tatu, mwekundu, anaishi kwenye nyufa na mwani uliobanana. Aina nyingi za kundi hilo hazirushi lava majini. Zinalea ndani ya gamba na kutoa vitoto vinavyotambaa. Derevi, huyo hakuletwa na maji akiwa buu.

#50 DereviWaChelezo
Kama haelei, amefikaje pwani zote hizo alizomo?

#51 Lenzi_Kumi
Inaaminika anasafiri na mwani uliong'oka. Anajifunga kwa uzi, mwani unachukuliwa na mkondo, anafika kokote unakotupwa.

#52 Mfugaji_wa_Vidimbwi
Kwa hiyo kwake mwani ni nyumba, kituo NA chombo cha usafiri. Tulikuwa tunapigania moja kati ya matatu.

#53 Chumvi_Nyingi
Na huyo hakwangui, anachuja maji. Nadharia ya Lenzi ya utando haimhusu hata kidogo. Naye ni 31 kati ya 218.

#54 Lenzi_Kumi
219. Umemsahau kaitoni.

#55 Dodoki
Madodoki mapya yako kwenye skrubu tangu asubuhi. Nitayatoa manne siku ya tatu na manne nitayaacha.

#56 BintiMwamba
Mzee, ule wa majani mapana uliupima usiku? Kama wale sita waliongezeka, yangu ya jua inaanza kuyumba.

#57 MzeeBamvua
Sikuupima. Niliinama kuukata nikahisi maji yameshafika kwenye vifundo, nikachukua beseni nikapanda.